Presha Ikishuka, Tusikimbilie Dripu

Katika wodi ya wagonjwa mahututi, mashine ya presha hupima yenyewe: kila baada ya dakika kadhaa mkanda mkononi hujaa hewa, hulegea taratibu, kisha namba hutokea kwenye kioo. Kwa muuguzi mwenye vitanda vingi huo ni msaada mkubwa. Ninachokipinga ni mazoea ya kufungua dripu kila kengele inapolia, kana kwamba presha kushuka na mwili kukosa maji ni jambo moja.

Mashine hiyo haisikilizi kama daktari mwenye stetoskopu. Hupima mitikisiko ya hewa ndani ya mkanda, na pale mitikisiko inapofikia kilele ndipo ilipo presha ya wastani, ile ambayo miongozo ya sepsisi, yaani maambukizi makali yanayofanya mwili udhuru viungo vyake wenyewe, hutaka ifike 65. Ya juu na ya chini hukadiriwa kwa hesabu aliyoipanga mtengenezaji. Kwa hiyo mimi huanza na namba ya wastani, ambayo wengi wetu huiruka. Mkanda nao una visa vyake: ukiwa mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, ukiwa mpana kupita kiasi huishusha, na mgonjwa anayetetemeka huivuruga kabisa.

Tuseme namba ni sahihi. Aliyetapika na kuhara siku tatu, mwenye moyo uliochoka, na mwenye sepsisi ambaye mishipa yake imelegea, wote wanaweza kuwa na presha ya 80 kwa 40, ilhali wa kwanza ndiye anayehitaji maji bila ubishi. Ushahidi tunao hapa hapa kwetu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Kati ya waliomiminiwa maji kwa mkupuo, asilimia 10.5 hivi walifariki ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 ya wasiomiminiwa. Huko Zambia, mwaka 2017, watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini waliopewa maji mengi mapema walifariki karibu nusu. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida, theluthi moja.

Kwa hiyo kengele ikilia, mimi hurekebisha mkanda na kupima upya, husikiliza mapafu, kisha hubonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa kwa sekunde 10, nikaachia na kuhesabu. Wekundu ukirudi kabla ya sekunde 3 na mkojo unatoka, dripu huiacha kwanza ilivyo.