Joistiki na Pedeli za Urubani wa Kompyuta: Kipi Hudumu Katika Hewa ya Pwani ya Kusini?

Anayeishi Mtwara au Lindi na kutaka kujifunza urubani kwa kompyuta, iwe kwa programu ya Microsoft Flight Simulator au X-Plane, hukutana mapema na swali la vifaa: anunue joistiki (mpini wa kuongozea ndege) ya plastiki ya bei nafuu na kuitengeneza kila inapoharibika, au ajikaze akusanye fedha za joistiki na pedeli (za kuongoza usukani wa mkia kwa miguu) za daraja la juu? Hoja za pande zote mbili zina uzito. Hata hivyo, naona wengi huhukumu kifaa kwa uzito wake na kung'aa kwa chuma chake, ilhali kinachoamua umri wake kimefichwa ndani.

Joistiki nyingi za bei nafuu, Logitech Extreme 3D Pro ikiwa mojawapo, hupima mwendo wa mkono kwa potenshiomita, yaani ncha ya chuma inayosugua utando wa kaboni. Ni kifaa cha aina ileile kinachoongeza na kupunguza sauti katika redio za zamani, na maradhi yao ni mamoja: utando ukilika au ukiingiwa na vumbi, redio hukwaruza, na ndege nayo huyumba angani ingawa mkono umetulia. Katika nyumba za Shangani au Mikindani, huko Mtwara, ambako upepo wa bahari huingia na unyevu na chumvi yake, maradhi hayo hayapaswi kupuuzwa. Joistiki ya Thrustmaster T.16000M, kwa upande wake, hupima kwa sumaku, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika hapo.

Lakini sifa ya sumaku iliyoandikwa kwenye kasha isimlaze mnunuzi. Katika T.16000M hiyohiyo, sumaku inahusika na mwendo wa mbele, nyuma na pembeni tu; kuzungusha mpini, ambako huongoza usukani wa mkia, bado kunategemea potenshiomita. Hata joistiki ya HOTAS Warthog ya mwaka 2010, inayosifiwa kwa mpini wake wa chuma, ina kiungio cha plastiki ndani, nacho huhitaji kupakwa grisi mpya kikianza kukwama.

Wanaotetea vifaa vya bei nafuu wana hoja nyingine ambayo wakazi wa miji mikubwa ya Ulaya hawaioni kwa urahisi. Potenshiomita ikichakaa, fundi redio mwenye risasi ya kulehemu na mkono mtulivu anaweza kuisafisha au kuibadilisha. Bodi ya kielektroniki ya kifaa ghali ikiungua, mwenye nacho husubiri kipuri kutoka nje, alipe usafirishaji na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kisha akingoje tena kisafiri kutoka Dar es Salaam. Kifaa kinachodumu miaka mingi lakini hakina tiba karibu kinaweza kumwacha mtu bila chochote kwa miezi.

Kwa joistiki peke yake, basi, naona kifaa cha kati chenye sumaku kinatosha. Pedeli ni habari nyingine. Mguu una nguvu nyingi kuliko mkono, na pedeli hukaa sakafuni, mahali ambapo mchanga na vumbi hukusanyika. Pedeli za Thrustmaster TFRP huteleza juu ya reli. Mchanga ukiingia humo, mwendo huwa wa kukwamakwama, na rubani hukosa ule ulaini anaouhitaji anapoinyoosha ndege katikati ya njia ya kurukia wakati upepo wa kusi unavuma ubavuni. Pedeli za MFG Crosswind za Croatia zimejengwa imara zaidi na hutumia vipima-mwendo visivyogusana, ila bei yake ni kubwa na uzito wake huongeza gharama ya kuzisafirisha. Mwenye fedha kidogo ya ziada, mimi ningemshauri aielekeze miguuni kabla ya kuielekeza mkononi.

Kwa anayenunua vifaa vilivyotumika, kipimo kipo na hakigharimu kitu. Kabla ya kulipa, kifaa kichomekwe kwenye kompyuta, ufunguliwe ukurasa wa Windows wa kupima vidhibiti vya michezo, kisha mpini na pedeli zisogezwe polepole sana kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Alama ikirukaruka, huenda utando umelika au umeingiwa na vumbi, na bei ipunguzwe kwa kiasi cha gharama ya fundi.