Historia ya benki yetu ya ushirika isianzie mjini Moshi

Mwandishi wa makala mliyochapisha kuhusu Benki ya Ushirika Kilimanjaro ameianza habari yake mjini Moshi miaka ya 1990, kama vile benki iliota yenyewe. Mizizi yake ni wakulima wa kahawa: chama chao cha 1925, kisha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933. Mkulima alipeleka kahawa chama cha msingi, yaani ushirika wa kijijini kwake, ikapimwa, akalipwa sehemu tu; iliyobaki akaisubiri hadi mnada upite. Pengo hilo la miezi, ada za watoto zikidaiwa, ndilo lililohitaji benki. Benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera ilifungwa na Benki Kuu mwaka 2018, na iliniuma. Sasa hii ya Kilimanjaro imeingia katika Benki ya Ushirika ya taifa, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025. Naomba mikopo ya msimu iwahi kabla kahawa haijaiva.