Lipu Imetulea Vibaya

Mwezi wa nne, masika imekolea, kipande cha "tofali" kilidondoka kutoka ghorofa ya nne ya jengo ninalopanga hapa Dar es Salaam, kikatua juu ya turubai la bajaji ya jirani. Mwenyewe alikuwa dukani ananunua vocha. Nilikiokota nikakipima: urefu sentimita 21.5, kimo 6.5, unene 2. Kigae kilichotengenezwa kifanane na tofali la kuchoma. Mgongoni kilipakwa gundi madonge matano kama ya uji mzito, kwingine kote pakavu.

Sina ugomvi na kigae. Ghorofa linasimama kwa nguzo na zege, na hata ukizungushia tofali za kweli kwa nje, nazo ni vazi tu. Ugomvi wangu ni na mkono uliolishona.

Baba mdogo ni mwashi wa Njombe, kule ambako nyumba ya tofali za kuchoma si ufahari, ni nyumba tu. Akipewa ukuta usiopigwa lipu, siku ya kwanza hagusi saruji. Anapanga mstari wa kwanza mkavu, kona mpaka kona, anasogeza jointi, ile nafasi ya saruji kati ya tofali na tofali, kidogo huku, kidogo kule, mpaka tofali zienee bila kukatwa. Nilipokuwa mdogo nikimsaidia kubeba maji, nilidhani anavuta muda ili alipwe kwa siku mbili.

Sasa chukua hesabu ya jengo letu. Ukuta kati ya dirisha na dirisha una sentimita 120. Weka vigae vitano vya 21.5 na jointi nne za sentimita moja: 111.5. Zinabaki 8.5. Toa jointi moja zaidi, unapata pengo la kipande cha 7.5. Kwa hiyo kozi (safu moja ya tofali) baada ya kozi, ghorofa baada ya ghorofa, kuna kijipande kimechomekwa pembeni kama jino la bandia. Mchoraji angeandika 111.5, au 134 kwa vigae sita, grinda isingewashwa hapo. Kosa lilianzia mezani, fundi alilikuta tu. Lakini hakuuliza.

Kona ndiyo inachekesha. Tofali la kweli likifika konani linageuka: kozi hii unaona ubavu, inayofuata unaona kichwa. Kwetu vigae viwili vimekutana ncha kwa ncha, unene wa sentimita mbili uko nje, unauona ukiwa barabarani. Kama boksi la viatu lililofungwa kwa haraka.

Mimi lawama naipeleka kwa lipu. Tumejenga miaka mingi kwa tofali bloku ambalo kila mtu anajua litafunikwa. Ukuta umepinda? Lipu. Dirisha limekaa upande? Lipu, kisha rangi. Fundi anakua, anazeeka, anafundisha wengine, bila kazi yake kuonwa uchi hata siku moja. Halafu tajiri mmoja anaona picha kwenye simu, anataka "mwonekano wa tofali", na fundi yuleyule anakabidhiwa kazi isiyo na pa kujificha.

Wala tofali halisi si kinga. Januari 2016 huko Edinburgh, Uskoti, ukuta wa nje wa shule ya msingi ya Oxgangs uliporomoka kwenye dhoruba, tani 9 hivi za tofali. Wanafunzi hawakuwapo. Uchunguzi ulikuta vyuma vya kushikiza ukuta wa nje na wa ndani havikuzama vya kutosha kwenye saruji, na baadaye shule 17 za mji huo zikafungwa kwa muda. Tofali zilikuwa nzima. Chuma hakikufika, na kozi zikaendelea kulazwa.

Ukitaka kuona kazi iliyotulia, tazama picha za ghorofa za Mpazi, Kigali, walikorudishiwa makazi watu wa mtaa uleule wa mabonde. Tofali zimesimamishwa kwa ubavu, ndani ya ukuta pamebaki uwazi, kwa hiyo zinatumika chache, na nje zimeachwa wazi. Ni nyumba za watu wa kipato cha chini, na jointi zimenyooka.

Baba mdogo alikuja kunitembelea mwezi wa nane. Alisimama chini, mikono nyuma, akatazama juu muda mrefu. Nikasubiri hotuba.

"Mwanangu, hii kona waliifunga siku ya malipo?"

Pale kilipodondoka kigae wameshaziba. Hawakubandika kingine, walipiga lipu, wakapaka rangi nyekundu, wakachora jointi nyeupe kwa brashi. Na lazima niseme ukweli, ile mistari ya brashi ndiyo iliyonyooka kuliko yote ukutani.