Ukimuuliza mchezaji, jibu lake lisimame

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, mwongozaji husimulia dunia ya mchezo na wengine kila mmoja huigiza mhusika wake. Wapo waongozaji wanaokuja na daftari nene: nasaba za wafalme, majina ya mito, mpaka bei ya mkate sokoni. Wachezaji husikiliza kwa adabu huku macho yako kwenye dadu. Nusu ya kazi ile wangewaachia wachezaji wenyewe.

Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, ramani na siri zote zilikuwa za mwongozaji, na meza nyingi hucheza hivyo mpaka leo. Dungeon World, mchezo mwenzake wa mwaka 2012, humwagiza mwongozaji achore ramani aache mapengo, aulize maswali na ayatumie majibu. Hapo kwenye kuyatumia ndipo wengi hukwama. Mchezaji anaulizwa kijijini kwao wanaogopa nini, anajibu kuna kisima cha kale hakichotwi. Mwongozaji anatabasamu, na kisima hakitajwi tena. Heri asingeuliza! Jibu likishatoka liwe kweli ya dunia ile, hata likivuruga mkasa uliopangwa wiki nzima.

Kuuliza nako kuna ufundi. "Mji huu ukoje?" humfunga mtu ulimi. "Kwa nini watu wa kwenu hawavuki daraja lile usiku?" humfungua. Ni kama kwenye vitendawili vyetu: aliyetega akishapewa mji, hakosi la kusimulia huko alikokwenda.

Microscope ya Ben Robbins, iliyotoka 2011, haina mwongozaji kabisa. Kwanza mnakubaliana mambo gani yawemo na yapi yasiwemo, kisha kila mmoja hutunga kwa zamu yake, na wenzake hawaruhusiwi kumpa mapendekezo. Sheria kali, lakini bila hiyo mwenye sauti kubwa angeijenga dunia peke yake. Kila meza ina mmoja wa namna hiyo, mnamjua.

Kwenye siri ndipo ninapoweka mpaka. Kama mnamsaka muuaji, usimuulize mchezaji muuaji ni nani. Mpelelezi aliyejitungia jibu hana tena cha kupeleleza. Mila, jamaa, madeni, ugomvi wa mtaani, yaani yote ambayo mhusika angeyajua kwa kuishi pale, ni ya mchezaji. Yaliyofichika ni ya mwongozaji.

Na yule asiyetaka kutunga chochote, aliyekuja kuua majoka tu? Mwacheni aue majoka yake.