Uadimu wa ugonjwa si kisingizio

Nimechoka kuambiwa kwamba ugonjwa ukiwa adimu, kulinganisha makundi mawili ya wagonjwa hakuwezekani. Uvimbe wa nyuroendokrini, unaoota kwenye seli zinazotoa homoni, hasa utumboni na kwenye kongosho, ulifichwa nyuma ya hoja hiyo kwa miaka mingi.

Tiba ya mionzi ya uvimbe huu imebuniwa kwa akili nyingi. Seli za uvimbe huu mara nyingi hujaa vipokezi vya homoni ya somatostatini, yaani sehemu ambazo homoni hiyo hunasa, kwenye utando wake. Molekuli inayofanana na homoni hiyo hufungwa na lutetiamu-177, metali inayotoa mionzi, kisha hutiwa mshipani kwa dripu. Ikifika penye vipokezi hunasa, huingia ndani ya seli na kuiunguza kwa mionzi ya beta ambayo haivuki milimita mbili hivi. Kabla ya hapo mgonjwa hupigwa skani kwa galiamu-68, metali nyingine ya mionzi, iliyofungwa kwenye molekuli ya jamii hiyohiyo. Uvimbe usipowaka kwenye picha, dawa haina pa kushika.

Hospitali kadhaa za Ulaya, Rotterdam ikiwa mstari wa mbele, zilianza kuitoa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wagonjwa walionekana kunufaika. Sawa, lakini kwa kulinganisha na nani? Uvimbe huu mara nyingi hukua polepole, na mtu anaweza kuishi nao miaka. Dawa hafifu inaweza kujizolea sifa ambazo ni za ugonjwa mpole.

Ndipo likaja jaribio la NETTER-1, lililochapishwa mwaka 2017. Wagonjwa walikuwa 229 tu, wenye uvimbe wa utumbo uliokwisha kusambaa na kuendelea kukua. Kundi moja lilipewa lutetiamu mara nne, kila baada ya wiki nane. Jingine okitreotidi, dawa isiyo na mionzi inayoiga somatostatini, kwa dozi kubwa. Ilipofika miezi 20, waliokadiriwa kuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele walikuwa asilimia 65 upande wa lutetiamu, na 11 upande wa pili. Kumbe watu 229 walitosha.

Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya uhai: wastani wa kati wa miezi 48 dhidi ya 36, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Wapo walioshangilia kana kwamba wamemfumania mwizi. Lakini zaidi ya theluthi ya kundi la okitreotidi walikuja kupewa tiba ya mionzi baada ya ugonjwa wao kuendelea, na huenda hilo lilipunguza pengo. Mimi nasema waliowaruhusu walifanya haki. Mgonjwa hanyimwi dawa ili jedwali lipendeze.

Kinachonikosesha raha ni kwingine. Jaribio jingine, NETTER-2 la mwaka 2024, limeisogeza tiba hii mwanzoni, kwa wagonjwa wapya wenye uvimbe unaokua kwa kasi zaidi, na ugonjwa ukazuiwa kwa miezi 22.8 dhidi ya 8.5. Matokeo mazuri. Ila mionzi hiyo huweza kuumiza figo na uboho: figo tunazikinga kwa dripu ya asidi amino, uboho hatuna cha kuukinga nao, na katika NETTER-1 takriban asilimia 2 ya waliotibiwa walipata ugonjwa mbaya wa uboho. Kwa mgonjwa aliyeishiwa njia, hatari hiyo inabebeka. Kwa anayeanza matibabu leo, ningetaka afuatiliwe miaka kumi, na gharama ya kumfuatilia iingizwe kwenye bajeti ya jaribio tangu siku ya kwanza.