Shabiki wa kombe tu

Yakhe, hivi ushabiki wenu mnaupima kwa kombe? 2013 Manchester United inabeba taji la 20 la ligi ya England, baraza yetu ya kahawa Jaws Corner, Mji Mkongwe Zanzibar, nzima nyekundu, hata muuza kahawa kawa kocha. Msimu uliofuata timu ikamaliza ya 7. Jezi zikaenda wapi? Zikawa za kufutia vespa! Mara Manchester City, ikachukua ligi 4 mfululizo hadi 2024, na ghafla kila mtu ni wa City tangu utotoni. Utoto gani, na jina la mgongoni bado linanuka gundi? Mwambie akutajie kipa wa akiba, uone anavyomeza kashata nzima nzima.

Na si sisi wa visiwani tu. Chicago huko Marekani, timu ya magongo ya barafuni, Blackhawks: makombe ya 2010, 2013 na 2015, tiketi zikaisha mechi 535 mfululizo. Wakongwe wakachoka, ukomo wa mishahara (kiwango ambacho timu hairuhusiwi kukizidi kulipa wachezaji) ukabana kikosi, ushindi ukakauka, na 2021 mfululizo ukakatika.

(Waliobaki United wakaitazama ikimaliza ya 15 mwaka 2025, hao wapewe kahawa bure.) Nyinyi wengine semeni mapema: msimu ujao mnahamia wapi, tujue wa kukaa naye barazani?