Hiki Kina Mwongozo?

Mtoto wa dada yangu yuko Kidato cha Tatu, anasoma bweni. Likizo ya Juni alikuja kukaa kwangu wiki mbili, na begi lake la madaftari lilikuwa zito kuliko la nguo. Jioni ya pili nikampa riwaya. Kitabu cha kawaida tu, cha Kiswahili, kurasa mia na kitu. Akakigeuza, akasoma maneno ya jalada la nyuma, akaniuliza: "Mamdogo, hiki kina mwongozo?"

Mwongozo, kwa asiyeujua, ni kile kijitabu chembamba kinachouzwa chini karibu na stendi, kati ya soksi na chaja za simu. Ndani yake kuna mtunzi, muhtasari, dhamira, wahusika na tabia zao, vyote vimeshatafunwa, kazi yako kumeza. Swali la fasihi la Kidato cha Nne tunalijua sote: teua vitabu viwili, jadili, toa hoja tatu kutoka katika kila kitabu. Ukiwa na mwongozo unazitoa hoja zako sita bila kuigusa riwaya. Mimi mwenyewe nilipata B ya Kiswahili kwa riwaya ambayo sikuifungua hadi nilipofikisha miaka 26.

Kwa hiyo sikumcheka. Ila nilijisikia vibaya kidogo, kwa sababu kitabu nilichompa hakikuwa kile nilichotaka kumpa. Nilichotaka kumpa sijakipata. Nataka riwaya ya Kiswahili ya wasichana wawili wanaopendana kama ndugu, na shule inayowagombanisha bila mtu yeyote kuwagombanisha.

Riwaya za wanafunzi tunazo. Msichana anapewa mimba, mvulana anaingia kwenye bangi, yatima anarudishwa nyumbani kwa ada, na mwishoni yule mwenye adabu anafaulu. Sizidharau, hayo yanatokea na wanaoyaandika wameyaona. Lakini bwenini kwetu wengi hatukupata mimba wala hatukuvuta chochote. Tulisoma. Tulipiga msuli hadi saa nane usiku kwa tochi chini ya shuka. Na kule kusoma kwenyewe ndiko kulikotuharibu, pale ambapo kwa nje tulionekana watoto wazuri.

Nitatoa mfano wangu, na si wa kujivunia.

Nililala na rafiki yangu dabodeka moja, yeye chini, mimi juu. Ndoo yetu ilikuwa moja, maana yangu iliibwa wiki ya kwanza ya Kidato cha Kwanza na sikununuliwa nyingine. Sukari ilikuwa yake, lakini kopo lake lilikaa kwenye sanduku langu kwa sababu kufuli langu lilikuwa zima. Nilipougua malaria ndiye aliyenibebea uji kutoka bwaloni siku nne mfululizo. Sote wawili tulihesabiwa vipanga, yaani wenye akili darasani, si vipanga wa juu kabisa, lakini walimu walitujua kwa majina.

Kidato cha Nne, wiki chache kabla ya moku, ule mtihani wa majaribio, kaka yangu alikuja siku ya wazazi na kurasa nane za Fizikia. Maswali ya moku ya mkoa mwingine, na majibu yake, fotokopi ya fotokopi, wino umefifia hadi alama za kuzidisha zinafanana na vumbi. Nikazikunja, nikazisukuma ndani ya foronya, mwisho kabisa, upande wa mshono. Usiku taa zilipozimwa, sauti ikatoka chini: "We, kaka yako kaleta pepa yoyote?"

"Hajaleta."

Kunong'ona kwenyewe kulikuwa kosa mara mbili, kwanza taa zimezimwa, pili tulinong'ona Kiswahili, na aliyesikika akiongea Kiswahili jina lake liliandikwa na kupelekwa kwa mwalimu wa zamu. Kwa hiyo hakuniuliza tena. Nililala juu ya zile karatasi zaidi ya wiki mbili. Kila nikijigeuza zilikuwa zinalia, kwaruu, kwaruu, na ni ukubwani ndipo nilipoanza kujiuliza kama aliyelala nusu mita chini yangu hakuwa anazisikia.

Matokeo ya moku yalibandikwa kwenye mlango wa bwalo, ili kila mtu ayapitie akienda kula. Mimi wa 9, yeye wa 14. Akanipa hongera. Sukari yake akaendelea kuniachia sandukuni.

Hakuna mwalimu aliyeniambia nifiche. Hakuna aliyetuchapa ili tuchukiane. Kulikuwa na karatasi tu mlangoni, na hesabu ambayo mtoto wa miaka 16 anaijua kuliko jina la bibi yake: masomo saba bora, A pointi 1, B pointi 2, C pointi 3. Pointi 7 hadi 17 ni Divisheni One. Pointi 18 ni Two. Kati ya 17 na 18 kuna somo moja tu ulilopata C badala ya B, na kati ya One na Two, kwa wazazi wetu, kulikuwa na umbali wa ng'ambo hii na ng'ambo ile. Ukimkalisha mtoto kwenye ukingo huo, usishangae akificha karatasi nane.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya Kidato cha Nne bila orodha ya shule kumi bora wala watahiniwa kumi bora, nilishangilia peke yangu sebuleni. Aliyekuwa Kaimu Katibu Mtendaji, Athumani Amasi, alisema utaratibu ule hauna tija, na kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana. Sawa kabisa. Lakini karatasi ya mlango wa bwalo haikubandikwa na Baraza. Na hata hayo ya Baraza, ukifungua tovuti unaona shule nzima mstari kwa mstari: namba, jinsi, pointi, divisheni, alama ya kila somo. Majina hakuna, na nani anayahitaji? Darasa zima linajua namba ya nani ni ipi. Shule nazo hutundika mabango ya vipanga wao barabarani, wamevaa tai, wanatabasamu kama wagombea udiwani.

Halafu kuna mchujo. Zipo shule zenye wastani wao wa ndani, na usipoufikia unarudishwa darasa, au mzazi anaitwa ofisini na kushauriwa kwa upole atafute "shule itakayomfaa mtoto", mapema, kabla mtoto huyo hajafika Kidato cha Nne na kuichafulia shule jina. Unarudi kutoka likizo, kitanda cha chini kiko wazi, godoro limekunjwa, na hakuna anayekueleza. Huwa nafikiri juu ya neno letu kukariri. Anayemeza notisi bila kuzielewa anakariri. Anayerudishwa darasa naye anakariri. Wa kwanza anapongezwa, wa pili anaitwa kilaza, na mara nyingi walikuwa wanashea ndoo.

Sasa niambie kama hiyo si riwaya.

Nilijaribu kuiandika. Mchapishaji mmoja aliusoma mswada wangu hadi mwisho, namshukuru kwa hilo, kisha akaniuliza mambo mawili. Funzo lake ni nini? Na huyu aliyeficha pepa, mbona haadhibiwi? Nikamwambia haadhibiwi kwa sababu sikuadhibiwa. Akacheka, kisha akaniambia ukweli wa biashara yake: wanaonunua vitabu kwa wingi ni shule, na shule zinataka kitabu kinachojulikana mwovu ni nani. Sina ubishi naye, ana kodi ya ofisi. Ila ndiyo maana kijana wetu anakutana na kijana mwenzake kitabuni akiwa ameshageuzwa onyo.

Tuzo zinasaidia, si haba. Ile ya Burt, iliyosimamiwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto, iliwalenga vijana hasa, lakini ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, inapokea riwaya za Kiswahili, na hapo nina matumaini. Lugha si jambo dogo kwenye hadithi hii. Kuanzia Kidato cha Kwanza masomo karibu yote ni Kiingereza, lakini hakuna aliyewahi kumwomba rafiki yake msamaha kwa Kiingereza pale bwenini. Uongo wangu ulikuwa neno moja la Kiswahili. Ukiutafsiri unakuwa sentensi ya mtu mwingine.

Na nikija kuichapa siku moja, dua yangu ni moja ya ajabu: isiteuliwe. Najua nasema nini, kitabu kikiingia kwenye orodha ya vitabu teule mwandishi anajenga nyumba, nami bado napanga. Lakini nikiwaza mtoto ameketi na rafiki yangu, na ndoo yetu, na ile sauti ya karatasi ndani ya foronya, kisha anaandika "Hoja ya pili: Ubinafsi", natamani nikae na njaa yangu.

Rafiki mwenyewe tulikutana harusini miaka 11 baadaye. Tulicheka hadi watu wakageuka. Fizikia hakuna aliyeitaja.

Mtoto wa dada alianza kile kitabu kwa kunifurahisha, nadhani. Siku ya tano nikamkuta amelala nacho kifuani. Siku ya kumi aliniuliza, "Hivi huyu atamwambia mwenzake, au atanyamaza tu?" Nikamwambia asome. Usiku wa kuamkia safari nikakichomeka kwenye begi, katikati ya daftari la Kemia na la Bailojia. Asubuhi nikakikuta mezani.

"Wakikikuta kwenye upekuzi wanachukua, Mamdogo. Si cha silabasi. Nitamalizia Desemba."

Amekunja pembe ya ukurasa wa 64.